Namna ya Kupima Ukali wa Mchochota wa Ghafla wa Utumbo Mpana

Mgonjwa anayehara damu anaweza kuingia kwa miguu yake mwenyewe, akaketi, akajibu maswali yote kwa utulivu, na bado utumbo wake mpana ukawa umebakiza siku chache tu kabla ya kutoboka. Vijana hasa huuficha ugonjwa huu vizuri, kwa sababu moyo wao una nguvu na nyuso zao hazinyauki upesi. Ndiyo maana ukali wa mchochota wa utumbo mpana, ambao wahudumu wengi huuita kolaitisi, haukadiriwi kwa kumtazama mgonjwa usoni bali hupimwa kwa hesabu, na hesabu hiyo hurudiwa kila siku kwa vipimo vilevile hadi uamuzi upatikane.

Mwongozo huu ni wa daktari aliye zamu, mganga wa kituo na muuguzi wa wodini. Sehemu yake kubwa inahusu kolaitisi ya vidonda (ugonjwa wa muda mrefu unaochubua utando wa utumbo mpana), kwa kuwa ndiyo yenye vigezo vilivyojaribiwa kwa muda mrefu zaidi, lakini hatua za mwanzo zinamfaa mgonjwa yeyote mwenye kuhara damu kwa ghafla, hata kabla chanzo hakijajulikana. Ikiwa wewe ni mgonjwa au unamuuguza mtu nyumbani, kumbuka jambo moja kabla ya mengine: kuhara damu mara sita au zaidi kwa siku, pamoja na homa, moyo kwenda mbio, kizunguzungu au tumbo kujaa, ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya kwanza: tafuta hatari ya papo hapo

Kabla ya kuhesabu chochote, tafuta dalili zinazomfanya mgonjwa huyu awe wa dharura hata bila vigezo. Shinikizo la damu lililoshuka, kuchanganyikiwa, mikono na miguu iliyopoa, tumbo lililojaa na kukazana kama ngoma, au maumivu yanayoongezeka mkono unapoachia tumbo baada ya kulibonyeza, yote yanadai maji ya mshipani na daktari wa upasuaji katika saa hiyohiyo. Sikiliza pia sauti za utumbo, maana tumbo lililojaa na likanyamaza ni ishara mbaya.

Ukiwa hapo, uliza dawa anazotumia. Steroidi (dawa za kutuliza mchochota) alizokwisha kunywa zinaweza kufunika maumivu ya utumbo uliotoboka, hata tumbo likaonekana laini kuliko linavyostahili. Dawa za kupunguza kasi ya moyo hufanya mapigo yasipande, na parasetamoli aliyomeza asubuhi huishusha homa ambayo ungeipata. Andika majibu haya juu kabisa ya karatasi, kwa sababu kila namba utakayoipata baadaye itasomwa kwa kuyazingatia.

Hatua ya pili: hesabu choo, na uhesabu vizuri

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Mgonjwa ukimuuliza anaenda chooni mara ngapi, atajibu «mara nyingi tu» au atataja namba ya siku ile iliyomtisha zaidi. Mshike muda kwanza, kisha umtembeze ndani yake: «Dada, tangu jana ulipoamka mpaka leo ulipoamka, uliingia chooni mara ngapi? Kabla ya chakula cha mchana ilikuwa mara ngapi? Usiku choo kilikuamsha?» Akijibu kwa vipande hivyo, jumla yake mara nyingi hutofautiana na ile aliyoitaja mwanzo, na ndiyo ya kuandika.

Hesabu kila safari iliyotoa kitu, hata kama kilichotoka ni damu na kamasi pekee bila kinyesi. Wagonjwa wengi hawazihesabu safari hizo, wakidhani si choo, ilhali ndizo zinazoonyesha jinsi puru (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana) ilivyowaka. Uliza pia kama damu huonekana karibu kila mara au mara mojamoja, kama imechanganyika na kinyesi au iko juu yake tu, na kama haja humbana ghafla kiasi cha kutofika chooni. Choo cha usiku kina uzito wa pekee, maana mwenye tumbo linalosumbuliwa na wasiwasi tu kwa kawaida haamshwi na haja usiku wa manane.

Akilazwa, weka karatasi ya choo kando ya kitanda chake: saa, kiasi, ulaini, damu ipo au haipo. Muuguzi aangalie kwa macho yake mwenyewe kilichomo chomboni kila inapowezekana. Kuandika «amepata choo» bila saa wala rangi hakumsaidii daktari atakayekuja kesho.

Hatua ya tatu: pima mwili mzima

Acha mgonjwa alale apumzike dakika kama kumi, kisha hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima, si kwa sekunde kumi na tano mara nne. Pima joto. Pima shinikizo la damu akiwa amelala na akiwa amesimama, ikiwa anaweza kusimama. Kisha chukua damu kwa ajili ya picha kamili ya damu, CRP au ESR (vipimo vya mchochota katika damu), potasiamu na magnesiamu (madini ya damu), kreatinini (kipimo cha figo) na albumini (protini ya damu).

Mapigo ya haraka yanaweza kutokana na upungufu wa maji, na kweli mara nyingi hushuka baada ya lita moja au mbili za maji ya mshipani. Lakini usiifute ile namba ya mwanzo kwa sababu hiyo, kwani kupoteza maji kiasi cha kuusukuma moyo ni sehemu ya ukali wenyewe. Iache ilivyo, uandike ya pili chini yake pamoja na saa. Kuhusu hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, kumbuka kwamba damu ya mgonjwa aliyekauka ni nzito. Akishapewa maji namba yake itashuka, na huo ndio upungufu wa damu aliokuwa nao tangu mwanzo.

Albumini haimo katika vigezo vya zamani vitakavyotajwa katika hatua ya nne, lakini mimi huiangalia kila mara. Ikiwa chini ya gramu 30 kwa lita, inaashiria kuwa protini zinavuja kupitia utumbo uliochubuka na kwamba mchochota umekuwa mkali kwa muda, na mgonjwa wa namna hiyo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kutoitikia steroidi.

Hatua ya nne: ziweke namba hizo katika vigezo

Mwaka 1955 Truelove na Witts, waliokuwa wakijaribu kotisoni (aina ya steroidi) kwa wagonjwa wa kolaitisi ya vidonda, waliweka mgawanyo wa ukali ambao mpaka leo haujapata wa kuuondoa. Nguvu yake ni kwamba unaweza kuutumia kando ya kitanda ukiwa na saa, kipimajoto na maabara ndogo.

Ugonjwa mkali ni kuhara choo chenye damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na angalau kimoja kati ya hivi: mapigo ya moyo yaliyozidi 90 kwa dakika, joto lililozidi nyuzi 37.8, hemoglobini iliyo chini ya gramu 10.5 kwa desilita, au ESR iliyozidi milimita 30 kwa saa. Siku hizi CRP iliyozidi miligramu 30 kwa lita hukubaliwa mahali pa ESR, na ni bora zaidi kwa kufuatilia kwa sababu hupanda na kushuka upesi. Ugonjwa mwepesi ni choo mara 4 au pungufu, damu kidogo, bila homa, bila moyo kwenda mbio na bila upungufu mkubwa wa damu. Aliye katikati ya hao wawili ana ugonjwa wa wastani.

Neno «pamoja» ndilo kiini cha kigezo hiki. Kuhara damu mara tisa bila dalili yoyote ya mwili mzima bado hakujafika kwenye ukali kamili, ingawa mgonjwa huyo anahitaji matibabu ya haraka na kuangaliwa tena baada ya muda mfupi. Na vigezo vya ziada vinapoongezeka, hatari nayo hupanda: katika takwimu zilizokusanywa Oxford, Uingereza, wenye kigezo kimoja cha ziada waliohitaji kuondolewa utumbo mpana walikuwa takriban 9 kati ya 100, wenye viwili walikuwa 31, na wenye vitatu au zaidi walikuwa 48. Kwa hiyo usiishie kuandika «mkali». Andika ni mkali kwa vigezo vingapi.

Kwa mtoto hutumika kipimo cha PUCAI, chenye alama 0 hadi 85, ambapo 65 na kuendelea ni ugonjwa mkali. Kwa mjamzito, mapigo, hemoglobini, ESR na albumini hubadilika kwa ujauzito wenyewe, basi tegemea zaidi idadi ya choo, damu, homa na CRP, na usicheleweshe matibabu ukisubiri uhakika.

Hatua ya tano: hakikisha si maambukizi, au si maambukizi peke yake

Vigezo vya hatua iliyopita vinaeleza ukali, havielezi chanzo. Peleka kinyesi maabara siku ya kwanza kwa ajili ya kuotesha bakteria, kutafuta sumu ya bakteria Clostridioides difficile, na kuangalia amiba kwa hadubini. Kwa amiba, kinyesi kiangaliwe kikiwa bado cha vuguvugu, ndani ya nusu saa hivi, ili amiba anayetembea na aliyemeza chembe nyekundu za damu aonekane. Sampuli iliyokaa mezani tangu asubuhi ikisomwa jioni «hakuna kilichoonekana», jibu hilo halikuondolei shaka.

Nalisisitiza hili kwa sababu kosa lake ni zito sana. Steroidi anazopewa mwenye kolaitisi ya amiba zinaweza kuugeuza ugonjwa unaotibika kwa metronidazo, dawa ya kuua amiba, ukawa utumbo uliooza na kutoboka. Kwa upande mwingine, mgonjwa anayejulikana kuwa na kolaitisi ya vidonda, aliyetimiza vigezo vya ukali, hapaswi kukaa siku tatu bila steroidi akisubiri majibu ya kuotesha. Penye shaka ya kweli kuhusu amiba, anzisha metronidazo sambamba huku ukifuatilia majibu.

Clostridioides difficile ina vipimo vyake vya ukali: chembe nyeupe 15,000 au zaidi kwa maikrolita, au kreatinini iliyozidi miligramu 1.5 kwa desilita. Shinikizo likishuka, utumbo ukisimama au ukipanuka, ugonjwa huo umefikia hatua ya kutishia uhai. Uliza kama alitumia antibayotiki wiki za karibuni, ingawa mwenye kolaitisi ya vidonda anaweza kuupata hata bila kuzitumia.

Hatua ya sita: piga picha ya tumbo

Eksirei ya kawaida ya tumbo inatosha kwa mwanzo, na ni ya lazima kwa kila aliyetimiza vigezo vya ukali. Tafuta sehemu ya utumbo mpana inayokatiza tumbo juu ya kitovu na upime upana wake kwa rula. Upana wa sentimita 5.5 au zaidi ni onyo. Ukizidi sentimita 6 na mgonjwa ana homa, moyo unakwenda mbio na amelegea, hiyo ni megakoloni ya sumu, na daktari wa upasuaji anatakiwa awe kando ya kitanda. Angalia pia kingo za utumbo: vivimbe vidogo vinavyojitokeza ndani ya hewa ni visiwa vya utando uliosalia katikati ya vidonda virefu, dalili kwamba sehemu kubwa ya utando imekwisha kuliwa. Hewa huru chini ya kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) ina maana ya kutoboka. Ikiwa tumbo linatia shaka na eksirei haijibu, omba CT skani.

Hatua ya saba: tazama ndani, lakini kidogo

Sigmoidoskopi fupi (kamera ya kutazama sehemu ya mwisho ya utumbo mpana) inafaa kufanyika ndani ya saa 24 za kwanza, bila dawa ya kusafisha tumbo na kwa hewa kidogo iwezekanavyo. Kolonoskopi kamili, ya utumbo mpana wote, haifai kwa utumbo uliowaka namna hii, kwa kuwa inaweza kuutoboa. Kinachotafutwa ni ukali unaoonekana kwa macho na vipande vidogo vya utando kwa ajili ya maabara, hasa kutafuta virusi vya saitomegalo kwa mgonjwa ambaye tayari yuko kwenye steroidi na hapati nafuu.

Kipimo cha UCEIS hugawa kinachoonekana katika mambo matatu: mishipa ya damu ya utando, alama 0 hadi 2, kutokwa damu, 0 hadi 3, mikwaruzo na vidonda, 0 hadi 3. Jumla ni 8. Mwenye 7 au 8 siku ya kulazwa ana uwezekano mkubwa wa kuhitaji zaidi ya steroidi, na ni vizuri ajue hilo mapema. Kipimo cha Mayo, chenye alama 0 hadi 12, kinafaa zaidi kufuatilia mgonjwa kliniki kuliko kuamua nani alazwe usiku huu.

Hatua ya nane: anza matibabu bila kuharibu vipimo

Aliye na ugonjwa mkali hulazwa. Haidrokotisoni (steroidi) miligramu 100 kila baada ya saa 6 kwa mshipa ndiyo desturi kwa mtu mzima, pamoja na maji na potasiamu, kwa sababu potasiamu na magnesiamu zikishuka utumbo hulegea na kupanuka. Heparini ya kuzuia damu kuganda hutolewa ijapokuwa mgonjwa anatokwa damu. Mchochota mkali hugandisha damu miguuni na mapafuni, na wahudumu wengi hulisahau hili kwa kuiogopa damu wanayoiona chooni. Isimamishe pale tu damu inapomwagika kiasi cha kutikisa shinikizo.

Loperamaidi (dawa ya kuzuia kuhara) na dawa za jamii ya afyuni zisitolewe. Zinapunguza idadi ya choo bila kuponya chochote, zikakufanya uone nafuu isiyokuwepo, na zinaweza kuupanua utumbo. Diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu, nazo zisitumike. Siku hiyohiyo ya kwanza peleka damu kwa uchunguzi wa virusi vya homa ya ini aina ya B na VVU, na mchunguze kifua kikuu, ili dawa za hatua ya pili zikihitajika siku ya tatu usianze kusubiri majibu.

Hatua ya tisa: siku ya tatu, fanya uamuzi

Mwaka 1996 kundi la Oxford, Travis na wenzake, lilionyesha kwamba siku ya tatu ya steroidi za mshipani ndiyo inayofichua. Mgonjwa ambaye siku hiyo bado anapata choo zaidi ya mara 8, au mara 3 hadi 8 huku CRP ikizidi miligramu 45 kwa lita, alikuwa na uwezekano wa asilimia 85 wa kuondolewa utumbo mpana katika kulazwa kulekule. Dawa za sasa zimepunguza kiwango hicho, lakini kigezo chenyewe bado kinafanya kazi ya kutenganisha wanaopona na wasiopona.

Chukua mfano wa msichana wa miaka 24. Siku ya kulazwa amepata choo cha damu mara 9, mapigo 104, joto 37.4, hemoglobini 9.8, CRP 62. Homa hana, ila vigezo vitatu vya ziada anavyo: mapigo, hemoglobini na CRP. Siku ya tatu anatabasamu, amekula, mapigo ni 88 na choo kimeshuka hadi mara 5. Wodi nzima inafurahi, na yeye anauliza ni lini atarudi nyumbani. Kisha CRP inarudi: 51. Choo mara 5 na CRP 51 vinamweka moja kwa moja katika kundi la hatari, tabasamu au pasipo tabasamu. Huyu anapaswa kuelezwa siku hiyo kuhusu infliksimabu au saiklosporini, ambazo ni dawa za hatua ya pili, na daktari wa upasuaji amwone akiwa bado ana nguvu ya kuuliza maswali yake na kuzungumza na ndugu zake.

Kuna mfano wa pili ambao ni wa hatari zaidi kwa kuwa namba zake zinaelekea upande unaoonekana mzuri. Choo kilikuwa mara 11, jana kikawa 6, leo 2. Kabla hujaandika «anaendelea vizuri», weka mkono tumboni. Kama limejaa, kama linapogongwa kwa vidole linatoa mlio wa hewa, kama mapigo yamepanda kutoka 96 hadi 118, choo hakikupungua kwa kupona. Utumbo umeacha kusukuma. Piga eksirei nyingine saa hiyo na umwite daktari wa upasuaji. Kila idadi ya choo isomwe pamoja na tumbo na mapigo ya siku ileile.

Asiyeitikia kufikia siku ya tatu hadi ya tano hapewi steroidi zilezile kwa matumaini. Kurefusha dawa isiyofanya kazi zaidi ya siku 7 hadi 10 kunamfikisha kwenye upasuaji akiwa amedhoofu, protini zimekwisha na vidonda vyake havifungi. Dawa ya pili ikitolewa, hesabu inaanza upya kwa namna ileile, choo, mapigo, joto, tumbo na CRP kila siku, na kama baada ya siku kama saba hakuna nafuu, au hali ikizorota wakati wowote kabla ya hapo, kinachofuata ni upasuaji.

Anayepata nafuu hubadilishiwa steroidi za vidonge pale choo kinapopungua, damu inapokoma au kubaki kidogo sana, na CRP inaposhuka kuelekea kawaida. Mwache wodini angalau siku moja akiwa kwenye vidonge hivyo, karatasi ya choo ikiendelea kujazwa, na umpe nakala yake aondoke nayo.